Kabla hujaomba upasuaji wa kupunguza uzito, chukua futi na daftari

Futi ya ushonaji ina inchi 60. Nimelijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani, ila sikuwahi kulitia maanani mpaka jioni moja nilipokwisha kufunga duka, nikaizungusha kwenye nyonga zangu mwenyewe na ncha zake mbili zikakataa kukutana. Nilikuwa na miaka 44. Kisukari kilikuwa na miaka sita mwilini, presha ina minne, na magoti yalishanifikisha mahali pa kukanyaga pedeli kwa mguu mmoja. Shoga yangu wa Mombasa akaniambia kwenye simu, "Si ukatwe tumbo tu bibie, watu wanakatwa siku hizi."

Nilikatwa. Sasa kila anayeingia dukani kwangu Tandika kuchukua nguo yake hunivuta pembeni na kuniuliza bei. Bei si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kama unafaa, na hilo unaweza kulifanyia kazi nyumbani kabla hujalipa hata nauli ya kwenda kumwona daktari. Mimi si daktari, ni fundi nguo. Ninachoandika hapa ni njia niliyopita, pamoja na yale niliyoelezwa na waliosomea.

Jipime kwa haki

Unahitaji namba mbili tu, kilo na urefu, na zote mbili watu huzikosea.

Tuanze na kilo. Mizani nyingi za nyumbani huishia kilo 130 au 150, na ukizidi hapo zinaandika kosa. Ya kwangu iliandika kosa, na mimi nikaitia chini ya kitanda kwa miaka mitatu. Siku nilipoamua, nilikwenda duka la jumla la mchele asubuhi na mapema, wateja hawajajaa, nikamwomba kijana wa mzani anipime kwenye ule wa magunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Akafagia chenga za mchele kwa kiganja, akasema, "Panda mama, huu unabeba gunia mbili." Kilo 131. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi kama anavyowaandikia wateja wa mchele, na kipande hicho kimegundishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Urefu ndio wenye hila zaidi. Ukimuuliza mtu urefu wake atakutajia namba aliyoisikia shuleni. Vua viatu, vua kilemba, bonyeza nywele kama umezisuka juu. Simama ukutani, visigino na mgongo vimegusa, macho mbele. Mwenzako aweke kitabu kigumu bapa juu ya kichwa kikiwa kimegusa ukuta, apige alama ya penseli chini yake, kisha pimeni toka sakafuni hadi kwenye alama. Mimi nilizoea kusema sentimita 165. Ukuta ulisema 159.

Hesabu yenyewe ni hii: urefu kwa mita uuzidishe kwa urefu huohuo, halafu kilo zako uzigawanye kwa jibu. Kwangu 1.59 mara 1.59 ni 2.528. Kilo 131 gawanya kwa 2.528, unapata 51.8. Hiyo ndiyo BMI wanayoitaja hospitali.

Usidhani sentimita chache hazina maana. Mwanafunzi wangu wa cherehani ana kilo 92. Kwa urefu aliokuwa akijitajia, 165, BMI yake ni 33.8. Tulipompima ukutani akatoka na 161, na hesabu ikawa 35.5. Sentimita nne zimemvusha mstari, na mstari huo ndio unaofuata sasa.

Mistari yenyewe

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, BMI ya 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wenyewe. Upasuaji una mistari yake. Kwa muda mrefu hospitali duniani zilifuata makubaliano yaliyotolewa Marekani mwaka 1991: uwe na 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea ukiwa na ugonjwa mkubwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na shirikisho lao la dunia waliishusha. Sasa wanashauri upasuaji kwa mwenye 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na wanasema ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34.9 aliye na kisukari aina ya pili au aliyejaribu njia nyingine zisimsaidie. Kwa watu wenye asili ya Asia mistari iko chini zaidi, maana kisukari huwapata wakiwa na kilo chache.

Hospitali si zote zimehamia kwenye mistari mipya, na bima ndiyo kabisa. Kwa hiyo piga simu uulize: "Nyie mnaanzia BMI ngapi, na mnataka ugonjwa gani uambatane nayo?" Walioko Uingereza wajue kwamba mwongozo wa kule unaruhusu mwenye asili ya Afrika kuangaliwa kwa mstari ulioshushwa kwa 2.5. Kama uko kule na ukarudishwa kwa kukosa pointi moja au mbili, waulize kama hilo walilizingatia.

Binti wa dada yangu alitaka kukatwa kabla ya harusi. Kilo 78, urefu 163, BMI 29.4, sukari safi, presha safi. Huyo hafai, na hakuna daktari mwenye akili atakayemgusa. Nilimshonea gauni, likamkaa.

Namba hii ina ujinga wake pia. Haijui misuli, haijui mimba, na miguu iliyojaa maji kwa sababu ya moyo au figo itaihesabu kama mafuta. Ndiyo maana daktari hatazami namba peke yake.

Andika magonjwa yako, hata yale unayoyaonea haya

Fungua ukurasa mpya. Andika kisukari, kimeanza lini, dawa zipi. Presha hivyohivyo. Magoti na kiuno. Mafuta kwenye ini kama uliwahi kupigwa altrasaundi wakakuambia. Kiungulia, mara ngapi kwa wiki, maana hiki kinaamua aina ya upasuaji. Hedhi isiyoeleweka. Mkojo unaokuponyoka ukikohoa. Na huo uandike.

Halafu kukoroma. Hapa nikae kidogo, kwa sababu kwetu kukoroma ni utani wa familia. Mume wangu alikuwa akiniigiza mbele ya wageni. Daktari aliponiuliza kama nakatika pumzi usingizini nikasema sijui, mimi nimelala, nitajuaje? Akamgeukia mume wangu, na kwa mara ya kwanza yule bwana hakucheka. Akasema, "Huwa ananyamaza. Mimi nahesabu. Nikifika kumi na tano namsukuma." Alikuwa akihesabu kwa miaka na hakuwahi kuniambia. Pumzi kukatika usiku ni ugonjwa, unachosha moyo, na daktari wa kukupa dawa ya usingizi asipoujua kabla ya kukulaza mezani ni hatari. Watakuuliza kama unakoroma kwa sauti, kama mchana unasinzia, kama una presha, na watakupima shingo. Zaidi ya sentimita 40, yaani karibu inchi 16 za kola, ni alama mojawapo. Mimi kola yangu ilikuwa 17, na nilikuwa nikiwashonea wanaume kola za 15 na nusu bila kufikiri lolote.

Ukurasa unaofuata andika ulichojaribu. Mimi nilijaza ukurasa na nusu: siku 40 bila ugali, chai ya mchaichai na tangawizi, vidonge vya "kukata kitambi" vya yule kaka anayepita na begi, mazoezi ya alfajiri wiki tatu. Daktari alisoma mpaka chini, akazungushia duara kitu kimoja tu: miezi mitano niliyohudhuria kwa mtaalamu wa lishe kliniki ya kisukari nikapungua kilo 7, zikarudi 9. Hicho ndicho wanachotafuta, jaribio la kweli lenye tarehe na kilo. Siku hizi watakuuliza pia kuhusu sindano za kupunguza uzito, semaglutaidi na tirzepataidi. Wapo ambao sindano zinawatosha, kisu hakina haja. Shida ni gharama, na kwamba ukiziacha kilo huwa zinarudi.

Yanayokusimamisha

BMI yangu ilikuwa karibu 52. Nilidhani nitapangiwa tarehe siku hiyohiyo. Nilirudishwa nyumbani miezi minne, na nililia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli.

Sababu zilikuwa tatu. Sukari yangu ya miezi mitatu, ile inayoitwa HbA1c, ilisoma 10.4, na wengi wanataka ishuke hadi kama 8 kwanza, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari ya juu hakifungi vizuri na hushika uambukizo. Damu yangu ilikuwa 8.6, kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi ambao nilikuwa nauchukulia kama hedhi nzito ya kawaida. Na kamera ya tumbo ilikuta bakteria wa vidonda vya tumbo. Niliona wananizungusha. Baadaye muuguzi mmoja alinielewesha kwa lugha ninayoijua: huwezi kushona kitambaa kilichooza. Baada ya upasuaji mwili hunyonya madini ya chuma kidogo kuliko mwanzo, hivyo ukiingia na damu 8.6 hutaipandisha tena kwa urahisi.

Kwa hiyo kabla hujaenda, pima damu, pima sukari ya miezi mitatu, na kama una kiungulia cha muda mrefu tegemea kamera. Wengine hupimwa pia tezi ya shingo na homoni, kuhakikisha unene hauna chanzo kingine kinachotibika bila kisu.

Sigara, shisha na ugoro, acha wiki kadhaa kabla na usirudie. Vinaleta vidonda pale palipounganishwa. Pombe vilevile, na si kwa sababu ya dini peke yake: baada ya upasuaji pombe hupanda haraka kichwani, na wapo walioacha kula wakahamia kwenye chupa. Anayekunywa dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti aseme, maana baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo hizo zinapigwa marufuku. Umri nao wanauangalia, ingawa siku hizi mtu wa miaka 60 na kitu mwenye moyo mzima hakataliwi kwa sababu ya umri peke yake.

Mimba ni mlango mwingine. Ukiwa mjamzito hukatwi. Ukikatwa, utaambiwa usishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wakati mwili unashuka kwa kasi. Na jihadhari, kwa sababu wanawake ambao hawakuwa wanapata hedhi sawasawa huanza kuipata, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri kama zamani. Zungumza na daktari kuhusu kijiti au kitanzi.

Kisha kuna mwanasaikolojia. Nilimwogopa kuliko kisu. Nilidhani atanitafutia wazimu. Aliniuliza, "Usiku ukiwa peke yako dukani, unakula nini?" Nikanyamaza. Msimu wa Idi nashona mpaka saa nane usiku, na kwenye droo ya uzi kulikuwa na visheti, soda mbili na mfuko wa karanga za sukari. Watoto hawakujua, mume hakujua. Nilipomwambia, hakuniondoa kwenye orodha. Aliniwekea vikao sita. Kula kwa kujificha hakukufungii mlango. Kinachofunga mlango ni kukataa kwamba kupo. Mwenye sonona isiyotibiwa naye hutibiwa kwanza, halafu hurudi.

Jaribio la wiki mbili

Hili nilijipangia mwenyewe, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usianze bila kumwambia daktari wako. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki ileile, sukari itakuangusha.

Kwa siku 14 kula kwenye kisahani cha chai. Anza na samaki, mayai, maharage au kuku. Ugali na wali vije mwisho kama nafasi ipo. Tafuna mpaka iwe uji. Usinywe kitu pamoja na chakula, subiri nusu saa. Soda hakuna, chai bila sukari. Meza kidonge kimoja cha vitamini kila siku saa ileile. Mimi nilikifunga na Isha.

Sikupi hili upungue. Nataka uone mambo mawili. La kwanza, kidonge: ulikosa siku ngapi? Baada ya upasuaji vitamini si za miezi, ni za maisha. B12, chuma, kalisi, vitamini D. Ukizembea, miguu inakufa ganzi na damu inakauka. Mimi nilikosa siku tano kati ya 14, ndipo nikaweka kengele kwenye simu. La pili ni nyumba. Je, nyumbani kwako mtu anaweza kula tonge nne akaachwa kwa amani? Mama mkwe wangu alichukulia kisahani changu kama tusi kwa mpishi. Arusi za Tanga, sinia la pilau, "kula mwanangu, umekonda": hayo utayaishi miaka yote. Nilimchukua mama mkwe siku moja kliniki akamsikia mtaalamu wa lishe mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye anayewafukuza wanaonisogezea sahani.

Ujue unaomba kitu gani

Nitapita haraka, daktari atakueleza kwa picha. Kuna kukata mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi inaondolewa na inabaki kama ndizi nyembamba. Ukishakatwa haurudi, na kiungulia kinaweza kuzidi. Kuna kutengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo wa mbele. Huu hufaa zaidi mwenye kiungulia kikali na kisukari, na ndio niliofanyiwa mimi, kwa matundu madogo matano. Ukila kitu kitamu sana unatoka jasho na moyo kwenda mbio. Halafu kuna puto, ambalo si upasuaji: linaingizwa kwa mdomo, linajazwa, hukaa kwa kawaida miezi sita kisha linatolewa. Hospitali ya Mloganzila hapa Dar es Salaam huliweka. Mistari yake ya BMI iko chini, lakini likitoka, njaa inarudi.

Matarajio yako yapime pia. Kwa kawaida mtu hupoteza kama robo ya uzito wake wote, au karibu theluthi akifanyiwa ule wa kuunganisha utumbo. Anayetaka kutoka 131 hadi 60 atasikitika. Ngozi italegea, na mwezi wa tatu au wa nne nywele zitadondoka, kisha zitaota.

Kuhusu fedha, usiulize bei ya upasuaji tu. Uliza na vipimo vya kabla, kulala, kurudi kwenye uchunguzi, vipimo vya damu vya kila mwaka na vidonge vya mwezi. Bima ijibu kwa maandishi. Wanaokwenda India waulize jambo moja zaidi: siku ya nane nikiwa nimesharudi nyumbani, nikapata homa, moyo ukaenda mbio na tumbo likauma, nampigia nani? Hizo ni dalili kwamba mshono unaweza kuwa unavuja, na hazingoji ndege. Wakala mmoja aliwahi kunipigia akitaka malipo ya awali kabla hajaniuliza urefu wangu. Nilimkatia simu.

Leo nina kilo 92. BMI 36.4, kwa hiyo kwenye chati bado ni mnene, na sioni aibu kukwambia. Insulini nimeiacha, kola yangu ni 14 na nusu, napiga pedeli kwa miguu yote miwili. Mume wangu hahesabu tena usiku.

Na mwanafunzi wangu sasa ana kilo sawa na zangu, tunakaa benchi moja. Yeye kwa mstari wa 2022 anafaa, kwa ule wa 1991 hafai, maana sukari na presha yake ni nzuri na hakoromi. Ana miaka 27, ameolewa mwaka jana. Daftari lake limejaa kurasa tatu na miadi yake ni Jumanne. Jana alilisahau juu ya cherehani nikaona swali la mwisho aliloliandika kwa kalamu nyekundu: "Je, nikizaa kwanza?"